Mtandaopepe wa wati 5: mwongozo kamili wa kupeleka Wi-Fi mahali pasipo na umeme

Shule iliyo nyuma ya mlima, zahanati, kambi ya watafiti, ghala la shambani: mahali kama hapa simu hushika mtandao ukisimama pembe moja tu ya uwanja, na nguzo za umeme hazijafika. Kinachotakiwa ni kituo kidogo cha Wi-Fi kinachojiendesha kwa jua usiku na mchana, bila jenereta na bila fundi kulala hapo. Kinajengeka kwa vifaa vya kawaida, mradi hesabu ifanywe kwa mpangilio unaofaa.

Wengi huanza kwa kutafuta antena kubwa au ruta yenye sifa ya kufika mbali. Mimi naanza na wati. Kifaa kinachokula wati moja mfululizo kinameza wati-saa 24 kwa siku, na kwa hesabu utakazoziona hapa chini, wati hiyo moja hudai kati ya wati 11 na 16 za paneli pamoja na Ah (ampea-saa) 7 za betri ya lithiamu. Kuipunguza ukiwa mezani ni kazi ya nusu saa. Ukiiacha, utabeba betri nzito hadi kileleni kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Pima mawimbi kabla ya kununua chochote

Chukua simu ya 4G na laini za kampuni zote zinazofika eneo hilo. Kwenye simu nyingi za Android, ukiingia mipangilio, kisha kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Ni namba hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kwa 4G kipimo hiki huitwa RSRP. Ikiwa juu ya -90, pengine huhitaji antena ya nje kabisa. Kati ya -90 na -110, antena ya nje italeta tofauti kubwa. Chini ya -115, tafuta kilima kingine au njia nyingine.

Ipo namba ya pili ambayo husahaulika: SINR, inayoeleza mawimbi yameizidi kelele kwa kiasi gani. RSRP nzuri yenye SINR ya 0 itakupa intaneti ya kukatisha tamaa. Ikifika 13 uko pazuri, na 20 ni pazuri sana. Simu nyingi haziionyeshi bila programu ya ziada, ila modemu nyingi huionyesha kwenye ukurasa wao wa mipangilio.

Usipime ukiwa umesimama mahali pamoja. Zunguka jengo, panda juu, sogea mbali na mabati. Kuna mbinu rahisi ninayoipenda: funga simu kwenye ufito wa mita 5 au 6 ikiwa na programu inayorekodi mawimbi, iinue kwa dakika mbili, ishushe, usome. Mara nyingi urefu huo pekee huongeza desibeli nyingi kuliko antena ya bei kubwa, na unakuonyesha kama mlingoti unastahili gharama yake.

Rudia kipimo cha spidi asubuhi na tena saa mbili usiku. Nguvu ya mawimbi haitabadilika sana, lakini usiku mnara huwa umeelemewa. Mnara wa mbali wenye watumiaji wachache unaweza kuushinda ulio karibu unaohudumia mji mzima, kwa hiyo usichague laini kwa kuhesabu vijiti kwenye skrini. Andika pia bendi uliyoikuta. Mawimbi ya 700 au 800 MHz hufika mbali na huvumilia miti. Ya 1800 na 2600 MHz huishiwa nguvu mapema ingawa hubeba data nyingi zaidi. Antena utakayonunua lazima ihudumie bendi hiyo hasa.

Hatua ya 2: Amua intaneti itatoka wapi

Kama 4G inapatikana, usitafute kingine. Modemu ndogo hula kati ya wati 1 na 3, na hakuna njia nyingine inayokaribia hapo.

Kama haipatikani lakini kuna jengo lenye intaneti kilomita kadhaa, unaweza kuivuta kwa jozi ya redio za 5 GHz zinazotazamana. Kila redio hula wati chache, kwa hiyo bado uko ndani ya bajeti ya sola ndogo. Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: njia iwe wazi. Na wazi hapa haina maana ya kuona upande wa pili kwa darubini tu. Mawimbi hujaza umbo kama la yai refu kati ya antena mbili, linaloitwa eneo la Fresnel, na asilimia 60 ya nusu-kipenyo chake lazima isiguswe na miti wala mgongo wa kilima. Kanuni yake: chukua umbali wa kilomita, ugawanye kwa mara nne ya masafa ya GHz, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 17.3. Hapo unapata nusu-kipenyo kwa mita. Kwa kilomita 5 na 5.8 GHz unapata mita 8 katikati ya njia, hivyo unahitaji karibu mita 5 tupu juu ya miti. Nafasi ikiwepo, umbali si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha Wi-Fi kwa kilomita 382, kilele cha mlima kikitazamana na kingine.

Njia ya tatu ni satelaiti. Zile za juu sana, kilomita 35,786 kutoka ikweta, huchelewesha kila jibu kwa zaidi ya nusu sekunde. Za chini, kama Starlink zilizo karibu kilomita 500, hujibu haraka, lakini tazama ulaji: Starlink Mini hula kati ya wati 25 na 40 ikiwa kazini. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 600 hadi 960, mradi wa sola wa aina nyingine kabisa. Hata hivyo, ikiwashwa saa nne tu kwa siku kwa wastani wa wati 30, inakula wati-saa 120, sawasawa na kituo cha 4G cha wati 5 kinachowaka kutwa kucha. Kwa kambi inayotuma ripoti jioni na kupokea barua pepe, saa nne zinatosha. Kwa zahanati inayoweza kupata dharura usiku wa manane, hazitoshi.

Mfano wa kuanzia hapa kwenda mbele ni wa 4G.

Hatua ya 3: Chagua vifaa, kisha uvipime mwenyewe

Tafuta ruta inayotumia volti 5 au 12 za DC, inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), na isiyo na mbwembwe. GL-MT300N-V2 ya GL.iNet ni mfano mzuri: hupokea volti 5, mtengenezaji anaitaja kuwa chini ya wati 2.75, na ina mlango wa USB wa modemu. Ina redio ya 2.4 GHz pekee, na kwangu hiyo ni sifa. Redio ya pili ya 5 GHz huongeza ulaji, hufika karibu zaidi, na spidi yake haina maana pale ambapo mnara wenyewe unakupa Mbps 10. Ruta kubwa za nyumbani zenye antena sita ziache nyumbani.

Raspberry Pi huvutia wapenda kutengeneza, lakini kwa kazi hii ni uchaguzi wa pili. Pi 4 hukaa karibu wati 3 ikiwa haifanyi lolote, antena yake ya ndani ni dhaifu, na kadi yake ya kumbukumbu huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika. Itakuwa na nafasi yake baadaye, kama maktaba.

Kwa modemu, vifimbo vya USB kama Huawei E3372 hufanya kazi vizuri na vina matundu mawili ya antena ya nje. Jihadhari na jambo moja. Modemu ikiwa mbali na mnara hutuma kwa nguvu zake zote, na kwa muda mfupi huvuta mkondo mwingi kuliko mlango wa USB wa ruta unavyoweza kutoa. Kiwango cha USB 2.0 ni miliampea 500 tu. Matokeo yake modemu hupotea na kurudi, hasa mtu anapopakia picha, na fundi anailaumu kampuni ya simu. Dawa ni kebo ya USB yenye mguu wa ziada wa umeme, ule mguu uchomekwe moja kwa moja kwenye konveta, kifaa kinachoshusha volti za betri hadi 5.

Sasa unganisha vyote mezani kupitia mita ndogo ya USB, wape watu wachache waitumie kwa saa 24, kisha usome wati-saa. Namba hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ya juu kabisa na mara nyingi itakufanya ununue mara mbili ya unachohitaji. Ruta ya aina hii na modemu, pamoja na upotevu wa konveta, hukaa karibu wati 5.

Hatua ya 4: Hesabu ya paneli na betri

Wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120 kwa siku.

Paneli ipimwe kwa mwezi mbaya kuliko yote. Tafuta saa za jua kamili (nishati ya siku nzima ikihesabiwa kama saa za jua kali la mchana) za mwezi wenye mawingu mengi zaidi mahali pako, tuseme 3. Ondoa asilimia 30 kwa vumbi, joto, nyaya na upotevu wa kuchaji. Gawanya 120 kwa 3, kisha kwa 0.7, unapata wati 57. Hiyo ni paneli inayolipa matumizi ya siku na basi, haina cha kurudisha betri iliyoshuka baada ya siku tatu za mvua. Kwa hiyo chukua wati 80.

Aina ya kontrola ya chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, inabadilisha hesabu hii. Paneli ya "volti 12" kwa kweli hufanya kazi karibu na volti 18, na kontrola ya PWM huishusha hadi volti ya betri, ikitupa zaidi ya robo ya nguvu. Ya MPPT huibadilisha kuwa mkondo. Kwa mradi mdogo namna hii PWM yenye paneli ya wati 100 huwa rahisi kuliko MPPT yenye paneli ya 80, na ina vitu vichache vya kuharibika. Angalia tu ulaji wake yenyewe: miliampea 10 si kitu, ila zipo zenye skrini inayowaka daima zinazokula zaidi.

Betri nayo ihesabiwe kwa siku bila jua. Siku tatu ni wati-saa 360. Betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu, hutumika hadi asilimia 80 bila wasiwasi, hivyo unahitaji wati-saa 450. Ukigawa kwa volti 12.8 ni Ah 35. Betri ya risasi na asidi isishuke chini ya nusu, hivyo ni wati-saa 720, yaani Ah 60, nayo ni nzito mara kadhaa. Joto huichosha vilevile: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Naipendekeza lithiamu karibu kila mahali, isipokuwa milimani kwenye baridi kali, kwa sababu LiFePO4 haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0.

Paneli itazame upande wa ikweta, iinamishwe kiasi cha latitudo ya mahali. Karibu na ikweta usiilaze kabisa. Nyuzi 10 hadi 15 huifanya mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli huondoa nguvu nyingi kupita ukubwa wake, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano na iliyofunikwa huzibana nyingine.

Hatua ya 5: Nyaya, na kwa nini inveta ibaki dukani

Inveta ndogo, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, hula wati 5 au 6 ikiwa imewashwa tu, kabla hujachomeka chochote. Ukiitumia kuwasha adapta ya ruta umezidisha matumizi yako mara mbili na paneli yako haitoshi tena. Tumia konveta ya DC inayoshusha volti 12 hadi 5, yenye uwezo wa ampea 3 au zaidi, ya ubora. Konveta ya bei ya chini ikifa huweza kupitisha volti 12 nzima na kuchoma ruta na modemu kwa pamoja.

Iweke konveta karibu na ruta, si karibu na betri. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa karibu ohm 0.0175 kwa mita. Ukienda mita 20 na kurudi ni ohm 0.7. Ukipitisha volti 5 na ampea 1, volti 0.7 inapotea njiani na ruta inapata 4.3, haitasimama. Ukipitisha volti 12, mkondo ni ampea 0.42, upotevu ni volti 0.3 na hakuna anayeujua. Kuzimika na kuwaka kwa ruta bila sababu, mara tisa kati ya kumi, ni volti ndogo. Pima kwenye plagi ya ruta yenyewe ikiwa kazini kabla ya kulaumu programu.

Ukitumia redio ya volti 24 au 48 juu ya mlingoti, umeme upite kwenye kebo ya mtandao. Hakikisha tu injekta (kifaa kinachotia umeme kwenye kebo hiyo) na redio ni za mfumo mmoja, maana volti 24 zinazosukumwa bila kuulizana na 48 za kiwango cha 802.3af hazibadilishani.

Mpangilio wa kuunganisha una sababu yake. Anza na betri kwenye kontrola ili iitambue volti ya mfumo. Kisha paneli. Mwisho mzigo, kupitia matundu ya mzigo ya kontrola ili ikate umeme betri ikishuka sana. Kuvunja ni kinyume chake. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwani inalinda waya wote ulio mbele yake. Hapo weka ya ampea 10, maana mkondo wa kuchaji kutoka kwenye paneli hii unaweza kuzidi ampea 5. Upande wa mzigo, ampea 5 inatosha.

Hatua ya 6: Kisanduku, mlingoti na radi

Kisanduku kiwe cha plastiki ya rangi nyeupe, kiwango cha IP65 (kisichopitisha vumbi wala maji ya kurushwa), kivulini chini ya paneli. Chuma huzuia mawimbi na hugeuka tanuri. Nyaya zote ziingie kutoka chini kupitia glandi za mpira, zikiwa zimening'inia kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondoke yasifuate waya ndani. Ziba kila tundu, hata dogo. Maji huja msimu, wadudu huja kila siku: sisimizi hupenda joto la ruta, na wakishataga ndani hakuna mpangilio utakaoirudisha.

Modemu iwe juu karibu na antena. Kebo nyembamba ya RG58 hupoteza karibu desibeli moja kwa mita kwenye 2.4 GHz, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Mita 10 za kebo hiyo humaliza faida yote ya antena uliyonunua. Panda na kisanduku kizima hadi nusu ya mlingoti, acha betri chini, kebo ya antena iwe mita moja. Viungo vyote vya nje vifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu ya kawaida juu yake kuzuia jua.

4G hutumia mikondo miwili ya mawimbi, hivyo weka antena mbili za mwelekeo, moja ikiinamishwa nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto. Zizungushe polepole, nyuzi kumi kwa wakati, mtu mwingine akisoma SINR. Fuata SINR, sio RSRP. Wakati mwingine mwelekeo bora umepinda kidogo kutoka mnarani, kwa sababu hapo kelele za mnara jirani zinakuwa mgongoni.

Kuhusu radi: mlingoti, fremu ya paneli na ganda la kebo viunganishwe kwenye fimbo moja ya ardhini. Fimbo mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana radi ikipiga karibu, volti ya ardhi hutofautiana na mkondo hupita ndani ya vifaa vyako kutafuta usawa. Weka kinga ya radi ya gesi kwenye kila kebo ya antena. Hivi vyote huokoa kituo na radi iliyopiga jirani. Ikipiga mlingoti wenyewe, andaa vifaa vipya.

Hatua ya 7: Mipangilio ya ruta

Badilisha nenosiri la msimamizi kwanza, kabla ya lolote. Kisha angalia anwani. Ruta za GL.iNet huja na 192.168.8.1, na modemu nyingi za Huawei aina ya HiLink huja na 192.168.8.1 hiyohiyo. Zikikutana, hakuna kinachofanya kazi na hakuna ujumbe wa kosa. Ipe ruta anwani nyingine, kwa mfano 192.168.50.1.

Upande wa Wi-Fi, weka nchi sahihi, chaneli 1, 6 au 11, upana wa MHz 20, ulinzi wa WPA2, na uzuie vifaa vya wageni kuonana. Zima viwango vya zamani vya 802.11b: simu moja iliyo mbali ikizungumza kwa Mbps 1 huwakalisha wengine wote foleni.

Nguvu ya kutuma usiipandishe hadi mwisho. Simu mfukoni hutuma karibu dBm 15. Ruta ikipiga kelele kwa 27, simu itaonyesha vijiti vyote lakini jibu lake halitafika. Acha dBm 17 hadi 20, ambazo ni miliwati 50 hadi 100, na utafute umbali kwa antena bora, kwa kuwa antena husaidia kusikia na kusema pia. Antena ya pande zote ya dBi 5 (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi) kwenye urefu wa mita 4 hadi 6 inafaa. Zile za dBi 12 hubana mawimbi kuwa sahani nyembamba inayopita juu ya vichwa vya watu.

Sakinisha SQM, programu ya kupanga foleni ya data, uchague mbinu yake iitwayo cake, na uweke asilimia 85 ya spidi uliyoipima saa mbili usiku. Hii ndiyo programu ninayoithamini kuliko zote kwenye orodha. Bila yake, mtu mmoja akipakia video, ujumbe mfupi wa mwingine hungoja sekunde kadhaa. Ikiwepo, watu 15 wanaotumiana ujumbe hukaa vizuri kwenye Mbps 2.

Hatua ya 8: Kubana matumizi ya bando

Simu inapokutana na Wi-Fi huamini kuwa haina kikomo. Hapo hupakua masasisho, hunakili picha zote mawinguni, na bando la mwezi huisha kwa siku mbili bila mtu kufungua video hata moja. Android ina ishara ya kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, na ruta yenyewe inaweza kuituma:

uci add_list dhcp.lan.dhcp_option_force='43,ANDROID_METERED'
uci commit dhcp
/etc/init.d/dnsmasq restart

Baada ya hapo simu za Android hujizuia zenyewe, kama vile zinavyofanya zikiwa kwenye hotspoti ya simu nyingine. iPhone hazisikii ishara hii; mtumiaji awashe mwenyewe hali ya data ya chini. Ongeza adblock ili matangazo yasifike kabisa, na nlbwmon ili uone kifaa kipi kimekula kiasi gani.

Kwa shule, hapa ndipo Raspberry Pi inapofaa. Pakia Kiwix yenye nakala ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, au Kolibri yenye masomo, na watoto watasoma kutwa bila kugusa bando. Itaongeza wati 3, kwa hiyo iwashwe kwa swichi wakati wa masomo tu, na faili zake ziwekwe katika hali ya kusomwa pasipo kuandikwa.

Kuzima usiku? Kuzima redio ya Wi-Fi peke yake huokoa kidogo mno. Kuzima mfumo wote kwa saa sita, kupitia kipima muda cha kontrola, huokoa robo ya nishati, na yote hutoka kwenye betri. Kwa shule, zima. Kwa zahanati, nunua paneli kubwa.

Hatua ya 9: Kituo kijiamshe chenyewe, nawe ukifikie ukiwa mbali

Modemu za USB huganda. Sakinisha watchcat, programu ya ulinzi, iwe inaulizia anwani ya intaneti 1.1.1.1, na iwashe upya ruta ikikosa jibu kwa nusu saa. Usiweke dakika tano, kwani mnara ukizimika kwa siku nzima ruta itajizima na kujiwasha bila kikomo. Kama modemu inalishwa na mguu wake wa umeme, kuwasha upya ruta hakutaigusa, hivyo ongeza kipima muda kinachokata umeme wote kwa dakika moja kila alfajiri.

Kampuni za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya intaneti ya kufikika kutoka nje. Njia ni WireGuard, programu ya njia ya siri ya intaneti (VPN): ruta ndiyo inayopiga kwenda kwenye seva yako, na PersistentKeepalive ya sekunde 25 huacha mlango wazi. Mtego wake ni saa. Ruta hizi hazina betri ya saa, na umeme ukikatika huamka zikiwa nyuma. WireGuard hukataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ya mwisho iliyopokewa, hivyo ruta inaonekana imekufa hadi saa irekebishwe. Hakikisha NTP, huduma ya kurekebisha saa, inapita nje ya WireGuard, moja kwa moja kwenye modemu.

Kabla ya kufungulia umma, uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi kuhusu leseni, na usome masharti ya laini. Nyingine zinakataza kuuza intaneti tena.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta kwenye kompyuta na kwenye kidole cha USB ndani ya kisanduku. Paka viungo vya betri mafuta ya mgando. Bandika rangi kwenye kila waya na plagi yake, ili mtu aweze kuambiwa kwa simu "chomoa nyekundu, hesabu hadi thelathini, rudisha". Acha akiba ndogo: konveta moja, fyuzi tano, kebo moja ya USB, glandi mbili. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyofa kwanza, na ndivyo visivyopatikana karibu.

Chagua mwenyeji mmoja wa kuifuta paneli kila wiki mbili wakati wa kiangazi na kuandika volti ya betri kila asubuhi kabla jua halijapanda. Kwa LiFePO4 namba ikikaa juu ya 13 hakuna la kufanya; ikianza kushuka siku hadi siku bila mawingu, paneli imechafuka, ina kivuli kipya, au kuna kiungo kilicholegea. Siku ya kuondoka, chomoa kila kitu mwenyewe, umwachie akirudishe chote peke yake kwa kufuata rangi, nawe usimsaidie kwa neno wala kidole. Akikwama mahali, rekebisha vibandiko vya mahali hapo, kisha mrudie kuanzia mwanzo.